Nati ya Puli

Bwana Hsiung ameziweka mbili juu ya kioo cha kaunta,
kubwa na ndogo, kama anayenionyesha wachumba.
"Hii," anasema, akiipapasa ile kubwa,
"nyutoni mia saba. Hung'oa nati za lori.
Ukiwa nayo, dada, hutaita mwanamume."

Simwambii kwamba hata sasa siiti.
Naishika. Kilo tatu na ushei, pamoja na betri.
Nainyanyua hadi usawa wa bega, kwa mkono wa kushoto,
na mimi si wa kushoto,
nahesabu kimoyomoyo.
Nafika ishirini na tatu. Kiganja kinaanza kutafuta visingizio.

Nje mvua ya Pingtung inapiga makoti ya plastiki,
skuta zimejipanga kwenye taa nyekundu
na kila moja naijua kwa kikohozi chake.

Mwaka jana niliazima dude kama hili kwa jirani wa matairi.
Skuta ilikuwa ya A-Hui, mpeleka chakula:
mkanda umekwisha, rola zimelika upande mmoja.
Trrr! Nati ikatoka kabla sijakunja uso.
Raha ile, nisiseme uongo, ilinilevya.
Nikafungia kwa mashine ile ile.
Kufumba na kufumbua hesi za krenki zikanyoleka,
chuma kikabaki vidoleni mwangu
laini kama unga wa mchele.
Injini ikapasuliwa. Siku nne
A-Hui alipeleka supu za watu kwa baiskeli
na hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma.

Na Baba? Miaka thelathini na sita
alizifungua nati hizo kwa spana ya mkono
na kipande cha bomba la maji, kuurefusha mpini.
Bega lake la kulia limeshuka;
shati lolote akivaa, huonekana limeangikwa vibaya.
Miaka sita alinikataza mashine.
Jana nilikuta bahasha chini ya kikombe changu cha chai,
noti zimekunjwa, na juu yake kwa kalamu ya kuandikia risiti:
*Usinunue kelele.*

Basi nauliza maswali ambayo Bwana Hsiung hayapendi.
Ina ngazi ngapi? Ile ya kwanza ni pole kweli
au pole ya jina?
Shingo yake je, itapita kati ya gurudumu na ekzosi?
Betri ikifa baada ya miaka mitatu
mtaniuzia nyingine,
au mtaniambia toleo hilo lilishapita?

"Hii ndogo ni mia mbili na hamsini tu," anasema,
kwa sauti ya mzazi anayemwombea mtoto radhi.
Nati ya puli haitaki hata nusu yake.
Nainyanyua, kushoto tena.
Sitini. Sabini. Naacha kuhesabu.
"Wewe ni wa kushoto?" ananiuliza.
Nalipa.

Gerejini Baba hakusema ahsante wala ghali.
Aliigeuza, akainusa, akasoma maandishi ya ubavuni
kwa miwani iliyofungwa waya.
Kisha, polepole, akaihamishia mkono wa kushoto,
akaivisha soketi, akainama.

Trrr.

Nati ilikuwa kiganjani mwake.
Aliitazama muda mrefu,
kama mtu aliyelipwa deni
baada ya kuzoea kudai.

Nikasafisha, nikapanga rola mpya,
nikainyoosha mkono kuichukua mashine.
Akanipiga kofi dogo kwenye kifundo.
"Kufunga ni vidole kwanza," akasema,
na akaizungusha nati kwa viwili tu,
uzi kwa uzi, ameinamisha sikio,
hadi ilipokubali.
Ndipo akaniachia spana ya kipimo.
Ikalia *tik*, mara moja.

Mashine ilikuwa kimya sakafuni, taa yake ndogo inawaka,
na Baba, aliyekuwa tayari anatafuta nati nyingine.